Tuna Kidogo Tu

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na ualimu ukishakaa mwilini miaka ishirini na mbili hautoki hata siku ya Jumapili. Kwa hiyo lile shindano la mawazo ya biashara lilipoanza kuonyeshwa kwenye runinga, sikulitazama kama watu wengine. Nilikaa sebuleni kwangu hapa Igogo, mtaa wetu wa mlimani kando ya ziwa, na daftari pajani na kalamu nyekundu mkononi, nikawa nawapa washiriki alama. Salamu, kumi. Mavazi, kumi. Kueleza jambo likaeleweka, ishirini. Unyenyekevu, ishirini, maana mtu anayekwenda kuomba mtaji huku amebinua mdomo mimi simwelewi. Jirani yangu anayeuza dagaa alikuwa anapita nyuma ya kochi kuchungulia nimempa ngapi yule anayempenda, na tukigombania alama mbili tatu utadhani tunagawana urithi.

Kipindi kilianza saa kumi na moja jioni. Washiriki walikuwa kumi na wawili kutoka mikoa mbalimbali, kila mmoja na biashara yake, wakisimama mbele ya majaji watatu waliokaa nyuma ya meza ndefu. Kila wiki mmoja anarudishwa nyumbani. Atakayebaki wa mwisho atapewa mtaji, na pamoja na mtaji atapewa mashine au vifaa vya kazi yake. Sebuleni tulikuwa watu wachache wa kudumu: mimi, mama yangu mzazi, huyo jirani wa dagaa, na jirani mwingine mwenye duka la spea karibu na stendi ya Buzuruga, mtu ambaye familia yao imefanya biashara mjini hapa tangu enzi za babu yake. Huyo kipindi kikiisha tu alikuwa ananyanyuka ili awahi Magharibi.

Na mdogo wangu wa kike. Yeye ndiye sababu ya sisi wote kukusanyika, kwa sababu alikuwa mmoja wa wale kumi na wawili. Alikuwa anajitazama kwenye runinga huku amekaa mkekani karibu na mlango, sinia la karanga mbele yake, anachambua. Kipindi kilikuwa kimerekodiwa Dar es Salaam miezi miwili nyuma. Mwisho wake alikuwa anaujua. Sisi tulikuwa hatuujui.

Biashara yake ni matobolwa. Kwa asiye wa huku: viazi vitamu vinachemshwa, vinamenywa, vinakatwa vipande na kuanikwa juani mpaka vikauke viwe vigumu na vitamu. Tulipokuwa wadogo kilikuwa chakula cha miezi ya njaa, na watoto wa mjini walikuwa wanatucheka tukivitoa mfukoni. Mdogo wangu akavikata vyembamba, akavichanganya na karanga za kukaanga, akafunga kwenye mifuko midogo, akaanza kuwapelekea watoto mashuleni badala ya pipi. Wazo lilikuwa lake mwenyewe. Mimi nilimwambia hakuna mtoto mwenye akili atakayeacha pipi ale chakula cha njaa. Nilikosea, na halikuwa kosa langu la mwisho.

Alikuwa anaanika juu ya jiwe. Igogo ya mlimani ni mawe matupu, nyumba zimebanana katikati yake, lakini hilo lilikuwa jiwe la aina yake: bapa, pana kuliko darasa langu, linapigwa na jua tangu asubuhi, na upepo wa ziwa unapita juu yake bila kizuizi. Viazi ukivianika chini vinashika mchanga. Ukivianika kwenye turubai vinatoa jasho na kuchacha. Juu ya jiwe lile vilikuwa vinakauka kwa siku mbili. Kila asubuhi wanawake walipanda naye kule juu, wakapanga vipande kwa mistari, mchana wakavigeuza, wakafukuza mbuzi. Siku nyingine niliwaona watatu, siku nyingine sita. Sikuwahi kuuliza ni wangapi.

Kiwanja hakikuwa chetu. Mwenye nacho ni mzee mmoja mstaafu, muungwana kabisa, aliyemwachia mdogo wangu jiwe bila kumdai chochote kwa sababu alikuwa hajapata uwezo wa kujenga. Mwaka huu akaupata. Na huku kwetu mwenye kiwanja chenye jiwe hana ujanja mwingine: unaliwashia moto wa magogo na matairi mpaka lipasuke, kisha mafundi wanaligonga kwa nyundo, linakuwa mawe ya msingi na kokoto za nyumba hiyo hiyo. Mzee alikuja kumweleza kwa adabu kwamba atamvumilia kidogo, ila hawezi kungoja mpaka mvua za vuli zimkute hajainua hata msingi. Ndiyo maana shindano lile kwetu halikuwa mchezo. Akishinda atapata mashine ya kukaushia na banda la kuiweka, na jiwe livunjwe tu. Asiposhinda, siku litakapovunjwa hana pa kuanika.

Fomu ya kujiunga niliijaza mimi, kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni. Na alipoitwa, mimi ndiye niliyemwandaa. Jioni moja kabla hajasafiri nilimkalisha kwenye kigoda jikoni, nikakaa mbele yake nikajifanya jaji. Nikamwuliza biashara yake ni ya nini, akaeleza vizuri. Nikamwuliza, "Kwa wiki unauza mifuko mingapi?" Akafungua mdomo anijibu.

"Hapo hapo," nikamkatiza. "Unataka kutaja idadi mbele ya watu usiowajua? Umelelewa wapi wewe?"

Tulilelewa nyumba moja, mimi na yeye. Baba yetu alikuwa na ng'ombe, na sikuwahi hata siku moja kumsikia akitaja ni wangapi. Mgeni akimwuliza, baba alitazama pembeni na kusema, "Namshukuru Mungu, tuna kidogo tu." Zizi linaweza kuwa limefurika mpaka mlangoni, jibu lake lilikuwa hilo hilo. Mali ikitajwa inapungua. Hivyo ndivyo tulivyoambiwa, na hatukuuliza inapunguzwa na nani. Anayetaja mali zake ni mtu wa kuogopwa au wa kuchekwa, na mtoto wa kike anayezitaja ni aibu kwa mama yake. Hata leo, mtu akiniuliza nina watoto wangapi ulimi wangu unakuwa mzito.

"Sema kama baba," nikamwambia mdogo wangu. "Watakuona una adabu. Majaji nao ni watu, wana mama zao."

"Na wakikazania, dada?"

"Wakikazania, rudia."

Alilirudia jibu mara tatu, mikono ameikunja mbele, macho chini. Nikampa alama zote.

Alikaa Dar wiki tatu na nusu. Washiriki wote waliwekwa pamoja mpaka kurekodi kulipokwisha, hata wale waliokwisha kutolewa, kwa hiyo siku aliyorudi haikutufumbua macho. Mama alimpokea mlangoni, akamshika mabega, akamwangalia usoni.

"Umepata?"

"Mama, nimesaini karatasi. Nikisema lolote kabla halijaonyeshwa, watanidai fidia ambayo hata ukiuza nyumba ya dada haitoshi."

Akaingia ndani, akatoa nguo zake kwenye begi, akaenda kufua. Siku zilizofuata hakusema, hakulia, hakucheka kupita kiasi. Jumapili ya kwanza, tukiwa tunasubiri kipindi, yeye bado yuko uani, mama alitutolea uamuzi.

"Kapata huyo. Angekuwa amekosa angesema. Mtu aliyekosa anaficha nini?"

Jirani wa spea alitikisa kichwa kukubali. "Kweli kabisa, mama. Mimi nikiuza injini nzima siwaambii hata wanangu. Lakini nikikaa siku nzima bila mteja, nalia na kila anayepita."

Kwetu sote hilo lilikuwa wazi kama mchana. Tulikuwa tunaangalia mtu aliyenyamaza, na sisi tunajua kunyamaza kuna maana gani. Kuanzia siku hiyo tuliacha kumwuliza maswali. Tukawa tunakonyezana.

Wiki nne za kwanza zilikuwa raha, sitaki kudanganya. Tuliwajadili washiriki wale kuliko tulivyowahi kuwajadili ndugu zetu wenyewe. Kulikuwa na dada wa Dar aliyetengeneza sabuni za mwani. Jirani wa dagaa alimchukia bure tu, akasema mikono yake ni laini mno kwa mtu anayepika sabuni. Kulikuwa na baba mmoja wa Mbeya wa majiko ya udongo, mtaratibu, aliyewaamkia majaji shikamoo japokuwa mmoja wao alikuwa kijana mdogo kwake. Nilimpa kumi juu ya kumi za salamu. Akatolewa wiki ya pili.

Na kulikuwa na kijana wa Arusha. Huyo alikuwa na programu ya simu ya kuita mafundi, fundi bomba, fundi umeme, unabonyeza anakuja.

"Biashara gani hiyo huwezi kuishika?" jirani wa spea aliuliza. "Bidhaa iko wapi? Ghala liko wapi?"

"Iko kwenye simu," nikamwambia.

"Simu ikiisha chaji amefilisika."

Lakini kilichotuudhi zaidi si programu. Kijana alisimama pale, mikono kiunoni, akasema ana watumiaji elfu tisa, akasema mwezi uliopita waliongezeka kwa asilimia kadhaa, akasema baada ya miaka mitatu hakutakuwa na mwingine kama yeye Afrika Mashariki nzima. Sebule yote tulifyonza. Mama akauliza huyu ni mtoto wa nani na kama wazazi wake wanatazama. Unyenyekevu nilimpa mbili juu ya ishirini, na hizo mbili ni za huruma. Majaji walipiga makofi.

"Wamelogwa hawa," akasema jirani wa dagaa.

"Ni mtu mzuri yule," mdogo wangu alisema kutoka mkekani, kwa sauti ya chini. "Alinibebea mizigo siku ya kwanza. Na jioni alikuwa anatufundisha namna ya kujibu."

"Akufundishe wewe?" nikamwambia. "Wewe ulishafundishwa."

Akainamia sinia lake. Mimi nikahesabu kwamba nimemtania vizuri.

Kulikuwa pia na kura. Chini ya kioo ilipita namba ya kutuma ujumbe kumpigia kura mshiriki unayempenda. Jirani wa spea alikuwa anatuma kumi kumi, na jirani wa dagaa alikwenda mpaka kwa wenzake mwaloni, kwenye soko la samaki, kuwahimiza nao watume. Mdogo wangu aliwatazama wiki ile ya tatu, akasema, "Jamani, msipoteze vocha zenu." Tukacheka. Mama akacheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga. Mtu anayejua ameshinda na bado anawaonea watu huruma vocha zao, tulisema, huyo kweli kalelewa. Leo najua kwamba lile ndilo neno pekee aliloweza kutuambia bila kuvunja alichosaini, na alilisema mbele yetu sote, na hatukulisikia.

Baada ya wiki ya tatu, siku ya Jumatano, mzee mwenye kiwanja alibisha hodi. Mdogo wangu alikuwa amekwenda Butimba kupeleka mifuko kwenye shule za huko. Nilimkaribisha mzee, nikampa shikamoo yake, nikamwekea kiti kivulini.

"Mwalimu," akasema, "nimekuja kwa ajili ya lile jiwe. Mafundi wa kupasua nimewapata, na wakiondoka sijui nitawapata lini tena. Lakini sitaki kumkata mdogo wako kazi yake. Akisema nisubiri mwezi, nitasubiri mwezi. Akisema miwili, basi, nitajikaza."

Naikumbuka sentensi hiyo neno kwa neno. Mtu alikuja nyumbani kwangu kwa miguu yake, na mkongojo, kutupatia miezi miwili. Na mimi, kwa sababu nilikuwa najua nisichokijua, kwa sababu mdomo ulikuwa unaniwasha wiki tatu nzima nami siruhusiwi kutamba, nikaona hapa ndipo pa kutamba bila kutamba.

"Baba, wala usijisumbue," nikamwambia. "Anza tu. Yeye yuko kwenye kuhama."

"Amepata mahali?"

Nikatabasamu, nikatazama pembeni. "Tunamshukuru Mungu."

Mzee alielewa. Nani asingeelewa? Akanipongeza, akanywa maji, akaenda zake. Nilirudi ndani nimejaa furaha yangu. Mdogo wangu alichelewa sana kurudi siku hiyo, na mimi, nikiwa na rundo la daftari za kusahihisha, sikumwambia. Nilitaka ashangae mwenyewe.

Ijumaa saa nne asubuhi moshi wa matairi ulifunika mlima wote wa Igogo. Tuliuona shuleni. Watoto wakaziba pua, nikawafungia madirisha. Niliporudi mchana nilimkuta mdogo wangu amesimama uani, masizi mpaka kwenye nyusi. Wanawake wake wamekaa ukutani na mabeseni ya viazi vilivyokwisha kukatwa, vinaanza kubadilika rangi.

"Dada, ulimwambia nini yule mzee?"

"Nilimwambia ukweli bila kuutaja," nikasema. Nilikuwa nacheka.

Alinitazama. Midomo yake ilifunguka, nikaona kabisa kwamba neno limefika mbele, kisha akaifunga. Akawatazama wale wanawake. Akakaa chini kwenye ngazi, na baadaye akauliza kama kuna maji ya kunywa. Alikuwa ametoka kwa mzee. Amemwomba azime, lakini moto ulikuwa umewaka tangu alfajiri na jiwe lilishatoa mlio na kufunguka katikati. Mzee alikuwa amechanganyikiwa, akimwambia, lakini binti, dada yako mwenyewe alisema.

Na mimi nilifikiri nini? Aibu yangu ni hii: nilifikiri anaigiza. Nilidhani anasikitika mbele ya watu ili wasijue kwamba mashine iko njiani. Nikamsifu moyoni mwangu kwa kujua kuficha.

Wale wanawake nao walifikiri kama mimi. Ndiyo maana hakuna aliyeondoka kutafuta kazi nyingine. Walianika kwenye turubai uani kwangu, viazi vikatoa jasho, nusu ikachacha wakawapa nguruwe wa jirani, na kesho yake wakarudi wakiwa wachangamfu. Walikuwa wanasubiri mashine.

Jumapili ya tano ilifika. Nilikuwa nimekaanga mihogo kwa ajili ya wageni. Zamu ya mdogo wangu kuhojiwa ilikuwa imefika, akajitokeza kwenye runinga amevaa gauni la kitenge nililomshonesha mimi, akaamkia, akaeleza matobolwa ni nini. Yule jaji kijana akaonja, akasema tamu. Sisi tukapigana mabega. Kisha jaji mwanamke, mwenye miwani, akaegemea meza.

"Kwa wiki unauza mifuko mingapi?"

Mdogo wangu kwenye runinga aliinua macho kidogo. Akayashusha.

"Namshukuru Mungu, tuna kidogo tu."

"Safi," mama akasema. Jirani wa spea akatikisa kichwa taratibu, kwa heshima. Mimi nilikuwa nimeshaandika ishirini juu ya ishirini kabla hajafunga mdomo.

"Kidogo ni kiasi gani, dada?" jaji akauliza. Hakuuliza kwa ubaya.

"Ni kidogo tu."

"Una wafanyakazi?"

"Tunasaidiana na akina mama."

"Wangapi?"

"Wapo."

"Shule unazopelekea?"

"Zipo, tunamshukuru Mungu."

Jaji wa kiume aliyekaa katikati aliweka kalamu mezani. Sijui ni wakati gani hasa nilipoanza kuyasikia majibu yale kwa masikio ya watu waliokaa nyuma ya ile meza. Mtu hajui anauza kiasi gani. Hajui ana watu wangapi. Nilitaka kuwaambia kwamba siyo hivyo, kwamba kwetu jibu hilo ni la mtu mwenye nacho, kwamba asiye nacho ndiye anayetaja. Niliikuta kalamu imeanguka sakafuni.

"Anajua, jamani," mama akaiambia runinga. "Anajua huyo. Muulizeni vizuri."

"Mpe nafasi ya pili," jirani wa spea naye akamwambia jaji, amenyoosha mkono wake kana kwamba atamfikia. Jirani wa dagaa alikuwa anatuma ujumbe wa kura, mmoja baada ya mwingine. Watu wazima wanne tulikuwa tunapiga kelele kwa kioo, na jambo lenyewe lilishatokea miezi mitatu iliyopita.

"Dada, bidhaa yako tumeipenda," jaji wa katikati alisema. "Lakini hatuwezi kumkabidhi mashine mtu ambaye haijui biashara yake." Mdogo wangu aliwashukuru. Akainama kidogo kama anavyoinama kanisani. Nyuma yake, kwenye benchi la washiriki, yule kijana wa Arusha alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Nikageuka kumtazama yule aliyekuwa mkekani. Alikuwa ameacha kuchambua. Hakuwa anatazama runinga, alikuwa anamtazama mama.

"Ulikuwa unajua siku zote hizi?" mama akamwuliza.

"Nilikuwa najua, mama."

"Na jiwe?"

Hapo akarudia kuchambua karanga, na mama alianza kunigeukia mimi. Jirani wa spea alisimama, akasema Mungu ndiye mtoaji, akamwambia mdogo wangu pole, na akaondoka mapema kuliko siku zote. Jirani wa dagaa akafuata. Mihogo ikabaki mezani.

Nilimfuata mdogo wangu uani. Jua lilikuwa halijazama. Kule juu, mahali palipokuwa na jiwe, palikuwa na marundo ya kokoto, na nyundo za mafundi zilikuwa zimepumzika kwa sababu ya Jumapili.

"Ungeniambia mimi," nikasema. "Mimi peke yangu. Ningekaa nalo."

"Wewe, dada?" Alikaribia kucheka. "Ungemwambia mama kwa siri, mama angeliombea kanisani."

Nikamwomba msamaha kwa habari ya mzee, nikamwomba kwa maneno mengi, kama mwalimu, nikieleza nilifikiri hivi na hivi. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akasema, bila hasira, na ningeshukuru kama angekuwa na hasira:

"Nilikuwa nayo mdomoni. Yule mama aliponiuliza, idadi ilikuwa hapa." Akagusa meno yake. "Kijana wa Arusha alinifanyisha mazoezi jana yake, tukaandika kila kitu. Halafu nikasikia sauti yako: umelelewa wapi wewe."

Nikamwuliza ilikuwa ngapi. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumwuliza tangu aanze, na nikamwacha ajibu.

"Sasa naweza kukutajia," akasema. "Hakuna cha kupungua tena." Akanitajia. Mifuko elfu moja na mia mbili kwa wiki, na wiki za mitihani inazidi. Shule kumi na nne, mpaka Buzuruga na ng'ambo ya pili ya ziwa. Wanawake kumi na mmoja, siyo sita. Wengine walikuwa wanafanya kazi majumbani kwao, kuchemsha na kumenya. Watano hawana waume. Mmoja ni mama wa mwanafunzi wangu niliyemsimamisha mbele ya darasa muhula ule nikamsifu kwa kuja na viatu vipya.

Nikakaa kwenye ngazi. Hapo ndipo nilipoelewa nimevunja kitu cha ukubwa gani, kwa neno moja la kujitapa na jingine la unyenyekevu.

"Asubuhi watakuja," mdogo wangu akasema. "Wote wana runinga, au wana jirani mwenye runinga. Watakuja na visu vyao na mabeseni. Wewe ndiye uliyekuwa unanijibia, dada. Nikawaambie nini?"

Nilitafuta. Nilipitia kila nilichowahi kuwaambia wazazi wa watoto waliofeli, kila neno la pole, kila methali ninayoandika ubaoni Jumatatu. Hakuna hata moja lililokuwa na mahali pa kuanika viazi. Alikuwa amekaa pembeni yangu, ametega masikio yake yote, kama alivyokaa siku ile kwenye kigoda jikoni, na alikuwa bado anangoja nimwambie.